Meza ya Kugeuzia Injini

Zvolen, karakana ya reli, theluji hadi madirishani.
Darasa lilianza king'ora cha jioni kikishalia.
Tuliingia na masizi kwenye kucha, mikate mifukoni,
tukakalia viti vya watoto, magoti yakigonga meza.

Mwalimu Želmíra aliandika kabla hajatusalimu:
moja, toa nusu, ongeza theluthi,
toa robo, ongeza humusi, toa sudusi,
nukta, nukta, nukta.
Akaiweka chaki chini.
"Jumla ni ngapi?"

Gašpar wa bwela alisema: hii haina mwisho,
na kisicho na mwisho hakina jumla,
ni kama deni la baba mkwe wangu.
Tulicheka. Mwalimu hakucheka.
"Basi sitaki mwisho. Niambieni mmefika wapi."

Tukahesabu, penseli zikinuka grisi.
Moja.
Nusu.
Nukta nane tatu tatu.
Nukta tano nane tatu.
Juu, chini, juu, chini,
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo,
ila kila akikosa, anakosa kwa kidogo kuliko kwanza.

Ndipo Vendelín, aliyekuwa hasemi tangu Oktoba,
akanyanyua mkono wenye vidole vinne.
"Hii naijua," akasema.
"Injini ya tani themanini ikiwa juu ya meza yangu
huiambii simama hapa ikakuelewa.
Unaizungusha, inaipita reli.
Unairudisha, inarudi mno.
Inapita tena, kwa shubiri. Inarudi, kwa kiganja.
Inapita, kwa kidole."
"Na reli yenyewe iko wapi?"
"Reli? Iko kati ya nilipopita na niliporudi.
Miaka ishirini na saba, sijaikosa hapo."

Mwalimu alifuta nusu ya ubao kwa mkono wa sweta.
Alichoandika sikukinakili kama alivyokiandika.
Kwenye daftari langu, pembeni, kipo hivi:

Ukipita ukarudi, hatua zikipungua,
Kweli hapo haibidi kuiona kuijua,
Kosa lako halizidi ile usoichukua,
Na ukitaka zaidi, ongeza, litapungua.

Tulifika ushuri, hatua ya kumi:
nukta sita nne tano sita.
Kosa halizidi moja ya kumi na moja.
"Moja ya kumi na moja!" Gašpar alipiga meza.
"Kwenye mshahara wangu hiyo ni nyama ya juma zima."
Akauliza, tukitaka desimali tatu za kuaminika?
Hatua elfu, mwalimu akasema, karibu hivyo,
na akatazama saa, na sisi tukatazama saa.

"Mimi siizungushi mara elfu," alisema Vendelín.
"Nikipita, nikirudi, nagawa katikati kwa jicho."
Mwalimu akasita. Akachukua ya tisa na ya kumi,
akazijumlisha, akagawa kwa mbili:
nukta sita tisa tano sita.
Akafungua kitabu cha majedwali, kidole kikishuka safu:
nukta sita tisa tatu moja.
Hakusema kitu. Alimtolea Vendelín kiti chake,
kile chenye mto,
na Vendelín akakataa kwa sababu ya suruali.

Usiku ule aliniachia injini ya mwisho.
Mto Hron ulikuwa umeganda, hata sauti yake.
Nilisukuma, ikapita. Nikavuta, ikarudi.
"Inatosha?"
"Bado."
Ikapita. Ikarudi.
"Inatosha?"
Alipiga magoti kwenye theluji na taa yake,
akapitisha ukucha kati ya reli na reli.
Ukucha uliingia. Ncha tu.
"Haijalingana," nikasema.
"Haitalingana," akasema, "lakini gurudumu halitajua,"
akaangusha komeo,
akaenda kutafuta glavu zake.